Niliacha kunengua zamani, baleti kwenye TV imenishinda kuacha. Waliowahi kucheza tukutane hapa

Goti la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nianze na malalamiko. Wapiga picha wa vipindi vya kudansi kwenye TV wanatuonea. Mchezaji anaruka, kamera inakimbilia uso wa jaji. Mchezaji anatua, kamera iko kwenye viti kwa mama yake anayefuta machozi. Mimi na goti langu bovu nimekaa kwenye kochi nasubiri nione anatuaje, maana kutua ndiko kunakokuambia huyu amefundishwa au anabahatisha. Fred Astaire, yule mcheza dansi Mmarekani wa sinema za miaka ya 1930, hakukubali huo mchezo. Alitaka apigwe picha mwili mzima, kichwa mpaka viatu, na wasikatekate. Ndiyo maana ukimwangalia leo, kila hatua unaiona inakotoka na inakoishia.

Kwa wasionijua: nilikuwa mnenguaji wa bendi hapa Arusha, miaka ya tisini mwishoni mpaka elfu mbili mwanzoni. Bendi siitaji. Vijana ambao hamkukuta dansi, wimbo ulikuwa unaanza taratibu, waimbaji wanamaliza mashairi yao, sisi tuko pembeni ya jukwaa tunapoa. Gitaa likibadilika, rapa anaita, sebene limeingia, na nyie mnaingia mstari mmoja. Hapo hakuna kupumzika mpaka mpiga solo aridhike. Chini sakafu ya saruji, juu uso unacheka. Ukichelewa nusu ya pigo, mstari mzima unaonekana mbovu, siyo wewe peke yako. Malipo tuyaache, nisije nikaharibu siku yangu.

Baleti niliiona mara ya kwanza Moshi nikiwa binti. Bara tulikuwa hatuna TV yetu (ITV ilianza 1994), kwa hiyo wenye uwezo walisimamisha bomba refu juu ya paa wakavuta Kenya. Jirani yetu alikuwa nayo. Picha chenga tupu. Katikati ya chenga wakatokea wasichana wanne wamepishanisha mikono na kushikana, wanakwenda kwa vidole, vichwa vinageuka pamoja kulia, kushoto, chini, juu. Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwenye nyumba akasema hao wamebanwa wanatafuta choo. Mimi nilikuwa naangalia mikono. Ukishikana na wenzako namna ile huna mkono wa kujizuia ukiteleza, na huwezi kukosea peke yako.

Baadaye sana ndiyo nikajua kwamba wale ni bata maji wadogo wanne wa onyesho la baleti la Swan Lake, muziki wa Mrusi Tchaikovsky. Onyesho lenyewe lilitoka mara ya kwanza Moscow mwaka 1877 na halikupendwa sana. Tunaloliangalia leo lina asili yake St. Petersburg, 1895, Tchaikovsky keshafariki, hatua zikatungwa upya na Marius Petipa na Lev Ivanov. Kipande cha wale wanne ni mkono wa Ivanov. Kina miruko 16 ya kwenda pembeni, goti moja linapanda halafu la pili, wote wanne sawia. Nilipoingia kwenye bendi, tukapangwa mstari, kiongozi wetu akatuambia "asiyesikia pumzi ya mwenzake atoke", nikasema moyoni: kumbe kazi ni ileile.

Halafu kuna ile mizunguko 32 ya bata maji mweusi wa humohumo Swan Lake. Wanaiita fuete. Unasimama kwa mguu mmoja, unapanda kidoleni na kushuka kila mzunguko, mguu wa pili unachapa hewani kukupa nguvu ya kuzunguka tena. Aliyeifanya ijulikane ni Muitaliano Pierina Legnani, kwenye onyesho hilohilo la 1895. Watu wanahesabu idadi. Nyie msihesabu, angalieni vitu viwili. Kwanza kichwa: kinabaki nyuma kikitazama sehemu moja, mwili ukishamaliza kuzunguka ndipo kinafyatuka na kurudi palepale. Bila hivyo kizunguzungu kinakubeba. Pili, angalia sakafu. Mzuri hahami. Wapo wanaozunguka zote 32 lakini walianzia katikati ya jukwaa na wanamalizia kwa wapiga muziki. Na hapo sasa ndipo kamera ya TV inapoamua kupanda usoni! Nitajuaje kama amehama?

Kitu cha mwisho, halafu niwaachie nafasi. Hivi karibuni nilikuwa soko la Memorial pale Moshi nachagua viatu vya mitumba vya dukani kwangu. Kijana kafungua belo, katikati ya raba na sandozi nikaona kitu cha rangi ya waridi kimefungwa kwa utepe wake. Viatu vya kidoleni, wakuu, vile vya kusimamia ncha za vidole. Nilitetemeka. Yule kijana alidhani ni vya bibi harusi, akaniambia "mama, hivi vimekakamaa, nikupe kwa bei ya kutupa."

Nikavipeleka nyumbani nikavikagua kama polisi. Watu wengi wanadhani mbele kuna mbao. Hakuna. Ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi mpaka yakawa kikombe kigumu cha vidole, na chini ya unyayo kuna kipande kigumu cha kubeba upinde wa mguu. Hakuna cha kulia wala cha kushoto, vyote viwili vimekatwa sawa, mchezaji mwenyewe ndiye anavipa upande. Utepe ulikuwa umeshonwa kwa mkono, mshono wa haraka, uzi wa kusafishia meno nadhani, maana haukatiki. Kwenye ncha satini ilikuwa imekatwa makusudi ili asiteleze. Na gundi ilikuwa imeshalainika, kile kikombe kinabonyea ukikiminya. Kwa mchezaji huyo vilikuwa vimekufa. Mchezaji mkubwa anaweza kuua jozi nzima kwa onyesho moja tu. Kwenye soli kulikuwa na alama ndogo imegongwa. Nikakumbuka kusoma kwamba pale Freed of London, watengenezaji wa viatu hivi, kila fundi ana alama yake, mmoja taji, mwingine samaki, na wachezaji wanamjua fundi wao kwa alama hiyo bila kumwona sura. Yangu imefutika, siwezi kusema ni ya nani.

Haya. Nani mwingine humu ana huu ugonjwa?

Chalii wa Sakina

Da' mkubwa heshima yako. Uzi umetulia. Ila mwanaume mzima kuvaa taiti inayobana vile, asee hapana. Chuga hatuna hiyo 😂😂

Goti la Kushoto

Chalii yangu, ulitaka avae suruali ya jinzi halafu tuone goti lake vipi?

Hii kitu ilianza na wanaume. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa anacheza mwenyewe. Mwaka 1653, ana miaka 14, alicheza kama Jua, na ndiyo sababu mojawapo ya kuitwa Mfalme Jua. Mwaka 1661 akaanzisha akademia ya dansi, na ndiyo maana mpaka leo ukienda darasani Tokyo au Havana hatua zinaitwa kwa Kifaransa.

Kuhusu nguvu: beba mfuko wa simenti wa kilo hamsini, uunyanyue juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, utembee nao huku unatabasamu, halafu uushushe bila kishindo. Ukiweza njoo tuongee taiti.

Mtafute Carlos Acosta wa Cuba. Baba yake dereva wa lori, familia ya watoto wengi, yeye anataka mpira. Mzee akampeleka shule ya baleti ili asipotelee mtaani. Mwaka 1990 akachukua dhahabu kwenye mashindano ya Lausanne kule Uswisi, baadaye akawa nyota wa Royal Ballet ya London. Angalia anavyoruka. Kuna sekunde pale juu huelewi anasubiri nini.

Chalii wa Sakina

Nimemwangalia. Naondoa kauli kidogo. Taiti bado.

Mangi wa Memorial

Mama umeandika vizuri na soko letu umelitaja, ahsante. Lakini nikuulize bila ubaya. Ngoma ya sindimba nani anaijua siku hizi? Lizombe? Mganda? Sisi Wachaga wenyewe ngoma zetu tunaziona kwenye harusi dakika mbili wakati wa kuingiza keki, basi. Halafu tunakaa kuhesabu mizunguko ya bata wa Urusi. Vya wazungu wana wenyewe wa kuvipenda.

Goti la Kushoto

Mangi, sijakasirika, hilo swali nimelijibu mara nyingi hata nyumbani kwangu.

Sindimba naiheshimu kuliko unavyodhani. Kiuno kinachofanya kazi yake peke yake wakati mabega yametulia ni elimu, na mimi nimekula kwa elimu hiyo. Chuo cha Bagamoyo, TaSUBa ya sasa, kipo tangu 1981 na kinafundisha ngoma hizo mpaka leo. Tuwapeleke watoto. Tamasha lao nimeshahudhuria na nililia pia, kwa hiyo machozi yangu hayana ubaguzi.

Lakini "vya wazungu" hapo ngoja kwanza. Marekani alikuwepo Arthur Mitchell, mtu mweusi, aliyepanda mpaka ngazi ya juu New York City Ballet wakati bado kuna watu hawataki kumwona akimshika mkono msichana mweupe jukwaani. Martin Luther King alipouawa 1968, Mitchell akaamua kurudi mtaani kwake Harlem kufundisha watoto, na 1969 ikazaliwa Dance Theatre of Harlem. Wao ndio waliotia rangi soksi na viatu vifanane na ngozi ya mchezaji. Unaweza kuona ni jambo dogo. Siyo dogo. Baleti inatafuta mstari mmoja kutoka nyonga mpaka ncha ya kidole, sasa mguu mweusi ukiuvalisha kiatu cha waridi umeukata kwenye kifundo. London kampuni ya Freed ilianza kuuza viatu vya kidoleni vya rangi ya kahawia mwaka 2018, ikishirikiana na kikundi kinaitwa Ballet Black. Mwaka 2018, Mangi! Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanapaka viatu poda ya uso.

Na kuna mmoja nikimtaja sauti yangu inabadilika. Michaela DePrince. Kazaliwa Sierra Leone 1995, vita imewaka, wazazi wote wamekufa, akapelekwa kituo cha yatima. Alikuwa na mabaka ya ngozi, vitiligo, na pale kituoni walimwita mtoto wa shetani. Siku moja upepo ukaleta gazeti la picha getini, kwenye jalada mchezaji wa baleti kasimama kidoleni anafurahi. Akachana lile jalada akalificha ndani ya nguo yake. Familia ya Kimarekani ikamchukua, akasoma baleti, akafika Dance Theatre of Harlem, halafu kampuni ya baleti ya taifa ya Uholanzi. Kitu alichokuwa anaogopa utotoni ni kwamba mabaka yataonekana jukwaani. Akafariki Septemba 2024, ana miaka 29 tu. Nenda kamwangalie akicheza, halafu urudi uniambie baleti ni ya nani.

Mangi wa Memorial

Nimekusoma mama. Nimemwonyesha na mke wangu. Ila keki bado naona tuiingize kwa ngoma nzima, siyo dakika mbili.

Goti la Kushoto

Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Dereva wa Kreta

Mimi nabeba wageni, kazi yangu Ngorongoro na Manyara. Mleta uzi umezungumzia kutua, nikafikiria morani wanaporuka bomani. Wageni wote wanapiga picha wakiwa hewani. Sijawahi kuona mgeni anapiga wakitua. Nikaanza kuangalia miguu wiki hii kwa sababu yako. Visigino havigusi chini kabisa, anadunda kwenye vidole tu. Hiyo nayo ni baleti?

Goti la Kushoto

Umeona jambo kubwa, kaka. Siyo baleti, na tofauti ni hapohapo kwenye kisigino.

Kwenye baleti ukitua, vidole vinagusa kwanza, kisha unyayo, kisha kisigino kinashuka, na goti linakunja lielekee vidole. Huko kukunja wanaita plie, ndiyo zoezi la kwanza la kila siku kwa mtoto wa miaka saba na kwa nyota wa miaka arobaini. Ukiruka mfululizo bila kushusha kisigino, mwalimu anapiga kelele, kwa sababu kano ya nyuma ya kifundo inabeba mzigo wote. Morani yeye uzuri wake ni kutoshusha. Mwili umenyooka wima, hajikunji kujiandaa, anapaa kwa kifundo peke yake. Mchezaji wa baleti akiambiwa aruke bila plie atakuuliza "kwa nguvu ipi?" Halafu morani yuko kwenye udongo, sisi tulikuwa kwenye saruji. Majukwaa ya maana ya baleti yana sakafu inayonepa, chini kuna mbao zilizoachiwa nafasi. Goti langu lingepata sakafu hiyo, leo huu uzi ungekuwa mfupi.

Mama Njiro

Dada shikamoo. Nina binti wa miaka sita. Akiona wale wa kwenye TV anasimama kwa vidole kwenye kapeti anashika meza. Baba yake anataka kumwagizia vile viatu vigumu mtandaoni kama zawadi. Nimruhusu?

Goti la Kushoto

Marahaba mdogo wangu. Hapana, na mwambie baba yake nimesema hapana kwa upendo.

Viatu vya kidoleni mtoto havai mpaka awe amefundishwa miaka kadhaa, kawaida kwenye umri wa miaka 11 au 12 na kuendelea, tena mwalimu akishapima nguvu ya kifundo na mgongo wake. Mifupa ya mguu wa miaka sita bado laini. Kwa sasa pekupeku inatosha, au vile viatu laini vya kitambaa. Acheze, aruke, asikilize muziki. Na ukiona anageuza miguu nje kama wale wakubwa, usimsukume. Kugeuka kunatakiwa kutokee kwenye nyonga. Mtoto akilazimisha kwa magoti, atakuja kujiunga na mimi kwenye kochi.

Darasa la uhakika ulizia kwenye shule za kimataifa za hapo mjini, wakati mwingine wanakuwa na mwalimu wa jioni. Nairobi wametutangulia: kuna Dance Centre Kenya, na pale ndipo alipopitia Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda aliyefika mpaka shule ya English National Ballet London.

Mzee wa Sebene

Nimekaa kimya nasoma, nimeshindwa. Mimi nilikuwa rapa, bendi nyingine, kipindi hichohicho. Mleta uzi umesema kamera ya TV inakimbilia usoni. Umesahau za kwetu. Video zote za dansi za miaka ile kamera ilikuwa inashuka kiunoni na kukaa hukohuko. Marehemu Aisha Madinda, kweli kiuno kilikuwepo, lakini angalia mikono yake, angalia shingo. Super Nyamwela naye, miguu ile nani aliipiga picha vizuri? Wapiga picha walituonyesha kipande kimoja cha mtu, watu wakadhani kunengua ni kipande hicho kimoja. Ndiyo maana mpaka leo mnenguaji akisema "nilikuwa msanii" watu wanacheka.

Goti la Kushoto

Mzee wangu, umenigusa mahali ambapo nilikuwa nazungukazunguka. Hilo ndilo. Mkwe wangu alinijua kwa video moja ya namna hiyo, na ilichukua muda mrefu kumwelewesha kwamba juu ya kiuno kile kulikuwa na mtu anayehesabu.

Baleti nimeipenda kwa sababu hiyo pia, nadhani. Ukumbini mtu anakaa mbali, analazimika kumwona mchezaji mzima. Waliporekodi zamani kwa kamera moja iliyosimama, tukaona mzima. Sasa vipindi hivi vipya... Strictly ya BBC, yale mashindano ya kudansi ya Uingereza, naipenda, imeanza 2004, na Oti Mabuse wa Afrika Kusini aliposhinda 2019 halafu 2020 tena nilishangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Dada yake Motsi ni jaji palepale. Lakini hata yeye Oti, kamera ilipomfuata ilikuwa inazunguka kuliko yeye.

Kifundo

Mimi kizazi cha Dance 100% ya EATV, tulikuwa tunajazana sebuleni kuangalia halafu tunatoka nje kuiga. Mama unaangalia wapi baleti bila kulipa? Bando ni ghali.

Goti la Kushoto

Mwanangu, kuna Siku ya Baleti Duniani, ipo tangu 2014, kila mwaka kampuni kubwa zinarusha mazoezi yao moja kwa moja mtandaoni bure, na video zinabaki YouTube. Royal Ballet, Australia, na wengine. Mimi naipenda kuliko maonyesho. Wamevaa soksi zilizotoboka, hakuna taa za rangi, mpiga piano kakaa pembeni, wanaanza kwa plie wakiwa wameshika fito. Kamera imesimama. Unamwona mtu anakosea, anacheka, anarudia. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Mzee wa Sebene

Mleta uzi, kabla sijalala. Ile bendi yako ilipiga harusi moja Moshi, karibu na stendi, mimi nilialikwa kama mgeni. Mpiga video alifunga kamera kwenye stendi yake nyuma kabisa ya ukumbi akaenda kula pilau, akasahau. Sebene zima limerekodiwa, jukwaa lote, miguu yote. Ndugu wa bwana harusi alinipa nakala kwa sababu walisema haina maana, haionyeshi maharusi. Mkanda ninao.

Goti la Kushoto

Mzee wangu, usiutupie humu. Nije lini kuuchukua? Deki ninayo na inafanya kazi.